Bukoba ingeweza kukaa nje ya vita

Hivi mnajua kwamba kwenye karatasi Bukoba ingeweza kukwepa kabisa Vita Kuu ya Kwanza?

Mkataba wa Berlin wa 1885, ule tuliokaririshwa sekondari kama "kugawana Afrika", una vifungu ambavyo huwa tunavirukia. Cha 10 na 11 viliruhusu makoloni ya bonde la Kongo yasiwe na upande vita ikizuka Ulaya. Na bonde lenyewe lilichorwa kisiasa, likavutwa hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Bukoba na Ihangiro (Muleba ya leo) zimo, japo maji ya mto Kagera yanaishia Nile! Kifungu cha 25 ndicho kilichoninasa: hata vitani, reli na maziwa ya Kongo yabaki wazi kwa biashara ya mataifa yote, isipokuwa magendo ya vita yanayopelekewa mpiganaji. Ziwa Victoria nalo lingehesabiwa? Hapo wanasheria wangekesha.

Sasa chakula ni magendo au sio? Azimio la London la 1909 lilijibu nusu nusu: cha raia kipite, cha jeshi kikamatwe. Uingereza haikuliridhia. Na hata ingeliridhia, gunia la maharage ndani ya behewa halisemi linakwenda kwa nani.

Agosti 1914 Ubelgiji ikapendekeza makoloni yaachwe nje, na Gavana Schnee wa Wajerumani alitaka hivyo hivyo. Lakini tarehe 8 Waingereza walishapiga mizinga Dar, na tarehe 15 Wajerumani wakachukua Taveta. Uingereza na Ufaransa zikakataa. Basi, imekwisha.

Reli ya Mombasa, iliyofika Kisumu 1901, ikawa njia ya askari na posho yao. Juni 1915 meli kutoka Kisumu zikashusha jeshi Bukoba. Wakabomoa mtambo wa redio, wakapora mji, wakaondoka. Wajerumani nao walikuwa na reli ya Dar hadi Kigoma, imekamilika 1914 hiyo hiyo, ila huku kwetu haikufika. Toka Tabora kuja ziwani, mzigo ni kichwani kwa mpagazi. Na mpagazi naye lazima ale, kwa hiyo safari ikirefuka chakula kinaliwa njiani, kinachofika ni kidogo, na vijiji vya njiani ndivyo vinavyoombwa kujazia. Kuombwa kwenyewe kwa bunduki.

Kifungu cha 25 kinataja barabara, reli, maziwa na mifereji. Mwenye gunia kichwani simwoni.