Vifungo na Bizimu za Askari

Mapema 1941, askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza, walivuka mpaka wa mashariki wa Garissa kwenda Kismayu, Somalia, iliyotekwa 14 Februari. Sare zao zilikuwa na vifungo na bizimu za shaba.

Ukiokota kifungo, tazama taji. Lenye kilele cha mviringo ni la wafalme wa Uingereza, 1901–1952. Lililobonyea katikati huwa la enzi ya Malkia Elizabeth II. Nyuma tafuta kitanzi cha kushonea na jina la kiwanda. Usikisugue, maandishi yatafutika.

Weka alama ulipokiokota, kisha uyaarifu Makumbusho ya Taifa. Ukiona risasi au bomu, usiguse. Ita polisi.