Kemia ya Nyumbani Ufipa

Katekista mmoja mstaafu wa Sumbawanga aliniuliza karibuni kama ni vema amfundishe kemia nyumbani mjukuu wake wa kidato cha tatu, kwa mtazamo wa Kikristo, kwa kuwa shule yao haina mwalimu wa somo hilo. Nilimjibu kwamba jambo hilo si geni Ufipa.

Kabla ya shule yoyote kujengwa katika uwanda ule wa juu, Wafipa walizalisha chuma katika malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha takribani mita 3. Malungu hayakuhitaji mivuo. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Makaa yakiungua katika hewa haba huzaa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huyanyang'anya mawe ya madini oksijeni yake. Chuma hubaki bila kuyeyuka, kwani chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Bonge lililopatikana lilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivuo hadi mavi ya chuma yakatoka. Hiyo ni sura nzima ya kitabu cha sekondari.

Nayo ilifundishwa pamoja na imani. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na tanuri lilipambwa kama bibi harusi. Wamisionari wa Afrika waliingia Karema mwaka 1885. Mwaka 1914 mmoja wao, Padre Wyckaert, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Mgawanyo huo hunichekesha kidogo: tanuri halikumdai mtu cheti cha ubatizo. Kilichoyazima malungu hatimaye ni majembe ya bei nafuu kutoka viwanda vya Ulaya.

Kwa hiyo sala ya Katekista hainitishi. Nachelea tu jibu la "Mungu ndiye aliyeumba" litolewe mapema, likafunga swali kabla mtoto hajalifungua. Nilimsihi ampeleke Nkasi, kwenye malungu yaliyosimama hadi leo, wabebe sumaku, wapime uzito wa mavi ya chuma mkononi, kisha amuulize mjukuu: ile oksijeni ilikwenda wapi?

Alinyamaza kitambo, akasema, "Profesa, na mimi mwenyewe sijui." Watakwenda pamoja baada ya mavuno.