Kigae: Tarehe ya Bakuli Lililokuwa Ukutani

Gae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na kigae ni gae dogo. Kabla hakijawa kitu cha kununuliwa kwa boksi, kigae kilikuwa cha jalalani, au cha jikoni siku ile kikaango kilipokosekana na bisi zikakaangwa kwenye kipande cha chungu cha jana. Leo neno hilohilo ndilo tunalolitandika sebuleni. Wengi huanza kuhesabu tarehe yake hapo, kwenye sebule za juzi, kana kwamba ung'avu ndani ya nyumba tumeletewa na maduka ya Kariakoo. Mimi naanzia Gedi.

Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza mwaka 1948 kuufukua mji uliohamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Mihirabu ya msikiti mkuu ilikuwa imepachikwa mabakuli ya kaure. Mengi hayapo tena. Yamebaki mashimo ya mviringo ndani ya lipu, yenye umbo la kitako cha bakuli, na ukipitisha kidole ukingoni unajua kwamba aliyepaka lipu ile alilishika bakuli lenyewe mkononi. Kusini, Kilwa Kisiwani, msikiti mdogo wa makuba wa karne ya 15 ulipachikwa mabakuli darini, juu ya vichwa vya wanaosali. Kunduchi na Mambrui mabakuli na sahani zilipanda kwenye nguzo za makaburi.

Kabla ya hapo mafundi wa Kashan, Uajemi, walikuwa wameshafunika kuta nzima kwa vigae vya rangi, hata Kiajemi kikaviita kashi kwa jina la mji wao. Fundi wa pwani hakuwa na tanuri la kuutia udongo ung'avu wa namna hiyo. Alikuwa na chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yakalainika, na lipu ya chokaa hiyo ilipokuwa bado mbichi, fundi alilikandamiza bakuli kwa kitako, likakauka pamoja na ukuta. Bakuli lenyewe lilikuwa limesafiri. La kijani kibichi lililotulia kama maji ya ghuba lilitoka Longquan, la buluu na nyeupe likatoka Jingdezhen, likishushwa na kupakiwa bandari moja baada ya nyingine hadi kufika kwa kaskazi. Chombo kilichovuka bahari yote ile bila kuvunjika, mwenyewe alikitoa mezani akakipa ukuta. Sioni huo kuwa urembo wa mtu anayeiga. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachokitaka.

Lamu jambo hili likaingia ndani kabisa. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, ukipita daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa katikati, unafika ndani, chumba cha mwenye nyumba, na ukuta wa mbele yako umejaa zidaka: vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu juu ya safu, vikachongwa kwa kisu chokaa ingali laini. Humo ndimo zilimokaa kaure. Chumba ni chembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu, wala hakipati jua jingi. Zidaka huukusanya mwanga mdogo uliopo na kaure huurudisha. Kulikuwa na kazi nyingine pia. Iliaminika kwamba kaure hulipokea jicho la hasidi kabla halijamfikia mzazi na mtoto wake mchanga, na chombo kikipasuka chenyewe, kimeshafanya kazi yake.

Karne ya 19 nitaipita haraka. Sahani za Ulaya, zikiwemo za Maastricht, zilishika nafasi ya kaure ya Uchina. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib Unguja na kutandika sakafu ya marumaru kutoka ng'ambo. Vigae vya udongo mwekundu kutoka Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel walifungua kiwanda mwaka 1865, vilipanda kwenye mapaa ya miji ya pwani. Kigae kikawa cha juu, marumaru ikawa ya sultani.

Chini, katika karne iliyofuata, nyumba nyingi zilikuwa na sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ikipakwa nta na kusuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ukaona kivuli chako. Naikumbuka kwa magoti. Ilikuwa baridi adhuhuri, na ilikuwa nzuri.

Ndipo jina la marumaru ya sultani likashuka kwa wote. Kinachoitwa marumaru leo Dar es Salaam si jiwe lile, bali ni udongo uliosagwa, ukashindiliwa kwa mashine, ukapakwa rangi na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi, mpaka aina iliyo ngumu zaidi hainywi maji hata nusu asilimia ya uzito wake. Tangu katikati ya miaka ya 2010 vigae hivyo vinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, na Kenya huko Kajiado. Fundi anavuta uzi, anaweka pimamaji, anagonga kwa nyundo ya mpira, na kwa siku chache chumba kimebadilika. Kwa choo na jiko sina ubishi: kinachofutika kwa kitambaa kimewapunguzia wanawake kazi nyingi.

Ubishi wangu ni kwenye nyumba za kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, mchana na usiku. Ukiubandikia marumaru kwa saruji, maji na chumvi hukosa pa kutokea, hupanda juu ya mstari wa vigae, na lipu huanza kuanguka unga. Ghorofani, tabaka nene la saruji na marumaru ni mzigo ambao boriti hazikukusudiwa kuubeba. Mwenye nyumba anaona anaitengeneza, kumbe anaizamisha. Fundi anayejua kuloweka chokaa bado yupo Lamu na Unguja, aitwe kwanza.

Na vipande vinavyobaki? Kila fundi anapokata kigae cha pembe ya mlango, mabaki huingia kwenye kiroba. Watu huvinunua kwa bei ndogo au kuviomba bure, wakavipachika kwenye saruji mbichi ya baraza, buluu kando ya nyeupe, kila kimoja na umbo lake, wakivikandamiza kwa kiganja kama yule fundi wa Gedi.