Utoto wa Nyanza Kusini chini ya Nyayo

Utoto wa Nyanza Kusini chini ya Nyayo ni makuzi ya watoto wa Homa Bay na Migori katika utawala wa Rais Daniel arap Moi (1978–2002), uliojulikana kwa kaulimbiu yake ya Nyayo. Kenya haijawahi kutawaliwa na wanajeshi, lakini Agosti 1, 1982 ilikaribia: askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, na hapo ikatangazwa kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo lilizimwa upesi. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alinyongwa mwaka 1987, na kwa kuwa alikuwa Mjaluo, wenzake wa Nyanza walitazamwa kwa jicho la shaka.

Shuleni palikuwa na asali na shubiri. Mtoto alipewa bure pakiti ya maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza 1979, na gwaridani akakariri kiapo cha utii kwa Rais. Taarifa ya habari ya redio ilianza na Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo alikwenda kanisani tu.

Zamani kijana wa Kijaluo alitambulika kuwa mtu mzima kwa kung'olewa meno sita ya chini. Chini ya Moi, utu uzima ulikuja na kura: aliyekuwa na miaka 12 wakati wa jaribio la mapinduzi alitimiza 18 mwaka 1988, mwaka wa mlolongo: wapiga kura wa mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au picha zao, chifu akiwatazama.

Vyama vingi viliruhusiwa tena Desemba 1991.