Vikapu vya Chwele: Kutoka Ghalani Hadi Ukutani

Kabla mahindi hayajatawala Bungoma, magharibi mwa Kenya, Wabukusu walilima wimbi na mtama, na usukaji ukafuata nafaka hizo. Punje ya wimbi ni ndogo mno. Kapu lililosukwa ovyo humwaga mavuno njiani. Msukaji akaze kila duru, asukume chane kwa kidole gumba hadi ikae, airushie maji ikianza kukauka, kisha afunge ukingo kwa ufito mnene, kwa sababu kapu au ungo huanza kufa ukingoni. Hata ghala lilikuwa la kusukwa: fito zilizopishanishwa, paa la nyasi juu, nguzo chini. Mara nyingi usukaji huu ulikuwa kazi ya wanaume, tofauti na kiondo cha Wakamba na Wakikuyu, ambacho ni kazi ya wanawake.

Mwaka 1895 Wabukusu walishindwa na Waingereza huko Lumboka na Chetambe. Ukoloni ukafuata, na reli ilipofika mjini Kitale katika miaka ya 1920, mahindi yakawa biashara, na gunia likachukua mzigo wa kapu.

Plastiki ndiyo iliyoumiza zaidi. Beseni halihitaji fundi. Lakini tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kapu likarudi mikononi mwa wanunuzi. Chwele, soko la kuku, ndizi na vitunguu chini ya Mlima Elgon, halijawahi kuacha kabisa kazi ya kusuka: kuku husafiri ndani ya tenga, la sivyo huweza kufika wamekufa kwa joto.

Sasa nyungo zinatundikwa sebuleni Nairobi na ng'ambo. Nafurahi, ila naogopa. Katika miaka ya 1980 kiondo kilipendwa sana ughaibuni, kisha viwanda vya Asia vikakiiga kwa mashine na soko la akina mama likaporomoka. Pambo ni rahisi kuigwa. Ungo unaopepeta wimbi si rahisi.

Kwa hiyo ukinunua ungo wa ukutani, uinue kwanza kwenye mwanga. Ukiona mianya, mrudishie muuzaji. Ukiona umebana, lipa bei aliyotaja bila kuilinganisha na ya beseni.