Kufyatua Kilichofyatwa: Bastola na Msamiati wa Silaha katika Ukanda wa Ziwa

Fundi wa Kirumba akisema kwamba leo amefyatua matofali mia tatu, hakuna jirani anayedhani kwamba ametumia silaha. Udongo umeshindiliwa ndani ya kibao, ukabanwa, kisha ukaachiwa. Hata hivyo, kitenzi hicho ndicho anachotumia askari wa Mwanza anapoandika kwamba mtuhumiwa alifyatua risasi. Nia ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba mfanano huo haukuzuka hivihivi, na kwamba unaficha tatizo ambalo wanaisimu wa Kiswahili hawajalishughulikia ipasavyo.

Tuanze na umbo la neno. Kufyata ni kubana kitu na kukizuia: mbwa hufyata mkia, nasi huambiwa tufyate ulimi. Kiambishi cha kutendua kikiongezwa tunapata fyatua, kama vile funga inavyotupa fungua, na tega ikatupa tegua. Kwa hiyo kufyatua ni kuachia kitu ambacho tayari kimebanwa. Kitenzi chenyewe hakisemi ni nani aliyekibana wala lini. Kinachukulia tu kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanyika.

Sasa tuitazame rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Katika ile iliyopewa hataza na Samuel Colt mwaka 1836, mpigaji huivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda ikazunguka, na nyundo ikakaa imetegwa. Kifyatulio, au triga kama wasemavyo wengi, kina kazi moja tu: kuiachia. Robert Adams wa London alileta mwaka 1851 bastola ya namna nyingine, ambayo kifyatulio chenyewe huiinua nyundo, huizungusha silinda, na kuiachia nyundo, yote kwa mvuto mmoja. Mwaka 1856 Luteni Frederick Beaumont akaziunganisha njia hizo mbili katika silaha moja, na rivolva nyingi za baadaye zimefuata mpango huo.

Waingereza huziita njia hizo ya tendo moja na ya tendo mbili. Mfasiri anayetafsiri neno kwa neno atapotosha, kwa sababu hesabu hiyo ni ya kazi za kifyatulio, si za mtu. Kwa upande wa mtu mambo ni kinyume: katika ile ya tendo moja anafanya mawili, na katika ile ya tendo mbili anafanya moja. Msikilizaji wa Kiswahili, ambaye huhesabu matendo ya mtenda, ataelewa kinyume kabisa.

Kwa nini lugha yetu haikujiundia maneno yake? Jibu langu ni la kihistoria. John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, miaka miwili tu baada ya hataza ya Beaumont. Lakini silaha zilizoenea kwa njia ya misafara ya Unyanyembe hadi kusini mwa Ziwa zilikuwa bunduki za kushindilia kwa mdomo. Msamiati ulifuata silaha hizo: baruti, mtutu, fataki, mtambo. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inaieleza fataki kuwa kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti. Kifuniko kimetoweka, neno limebaki, na mwishoni mwa miaka ya 2000 redio za Tanzania zikalifanya jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Mtambo nao uliitaja bunduki na mtego pia. Mtego hutegwa kwanza, kisha hufyatuka. Na bunduki ya kushindilia ilikuwa hivyohivyo.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliimarisha hali hiyo. Baina ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini uliziwekea mipaka mikali silaha za kisasa, ukaacha mlango kwa magumegume na baruti ya kawaida. Rivolva ikabaki kiunoni mwa ofisa. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limepokea rivolva za kutegwa kwa gumba mwaka 1879 na 1883. Webley za maofisa wa Uingereza, ambao majeshi yao yaliingia Mwanza Julai 1916, ziliweza kupigwa kwa mvuto mmoja. Kwa raia wa Ziwa zote zilikuwa bastola tu, na sioni cha kumlaumu: hakuruhusiwa kuishika.

Leo tofauti hiyo si ya maofisa peke yao. Marekebisho ya Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Shahidi akisema “bastola ilifyatuka”, kauli yake imemwondoa mtenda kabisa. Akisema “aliifyatua”, mtenda amerudi. Kati ya kauli hizo mbili ndipo inapoweza kuamuliwa kama kifo kilikusudiwa au la. Rivolva iliyotegwa huhitaji mara nyingi mvuto wa kilo mbili au pungufu. Isiyotegwa huweza kuhitaji kilo tano au zaidi, tena kwa mwendo mrefu wa kidole. Katika hali ya kwanza kufyatuka kwa bahati mbaya kunaaminika zaidi kuliko katika ya pili.

Askari wetu wamekwisha kujikopea kukoki, nami silidharau neno hilo, linajaza pengo. Lakini ningependekeza kupiga kwa kutega na kupiga kwa mvuto mmoja, maana hata asiyewahi kushika bastola ataelewa. Mkalimani wa mahakama, kabla hajachagua kati ya fyatua na fyatuka, amuulize shahidi kwanza: nyundo ilikuwa imetegwa, na aliitega nani?