Waliopotea: Ukurasa Unaokosekana katika Historia ya Bwera

Tunapojifunza historia ya vita, huwa tunahesabu waliokufa. Idadi yao huandikwa vitabuni, hukaririwa na huulizwa katika mtihani. Aliyepotea hana nafasi katika hesabu hiyo, kwa sababu hakuzikwa na wala hakurudi. Mimi ni mwenyeji wa Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Kongo. Katika insha hii ninadai kwamba jambo la kwanza la kufanya mtu anapopotea, yaani kuandika jina lake, ndilo pia deni la kwanza la mwanahistoria.

Kwetu mlima Rwenzori uko juu na mto Lhubiriha uko mpakani. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa Kongo ni ndugu waliogawanywa na mpaka wa wakoloni. Mtu asiporudi kutoka shambani au sokoni, majirani hupiga yowe, humwarifu mwenyekiti wa kijiji, na huuliza maswali matatu: nani alimwona mwisho, alishika njia gani, ana ndugu gani ng'ambo? Msako hufaulu kwa kuwa watu wanajuana kwa majina.

Vita viliuharibu utaratibu huo. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, kisha wakajificha mlimani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001. Msitu ambao wanakijiji wangeingia kumtafuta mwenzao sasa ulikuwa na bunduki. Usiku wa tarehe 8 Juni 1998 waasi hao walivamia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole. Wanafunzi 80 waliteketezwa kwa moto katika mabweni yao, na wengine karibu 100 wakachukuliwa. Ukimwuliza mwanafunzi wa leo kuhusu Kichwamba, atakutajia wale 80. Ni wachache watakaouliza wale wengine waliishia wapi.

Miaka 25 baadaye jambo hilo lilitufikia sisi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, iliyo chini ya kilomita mbili kutoka mpakani, ilishambuliwa. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto, wasichana wakakatwa kwa mapanga. Wanafunzi wengine walitekwa wakapelekwa upande wa Hifadhi ya Virunga, na jeshi likawafuata. Miili iliyoungua hadi kutotambulika ilipelekwa Fort Portal kwa vipimo vya DNA.

Hebu tufikirie hali ya mzazi ambaye hakumwona mwanawe miongoni mwa majeruhi wala miongoni mwa maiti zilizotambulika. Alibaki na mawili: mtoto ameungua, au ametekwa. La kwanza linadai matanga, la pili linadai msako. Hawezi kufanya yote mawili, na hawezi kuacha lolote.

Kutokana na matukio haya ninaona mafunzo matatu. Kwanza, orodha ya waliolala mahali fulani usiku fulani ni chombo cha uokoaji. Bila orodha hiyo, hakuna anayejua wanatafutwa wangapi, na nakala yake inafaa ikae nje ya jengo lenyewe. Pili, taarifa itolewe saa ileile, pamoja na mavazi, njia na mtu wa mwisho kumwona. Lakini penye silaha, raia wasiingie msituni. Ujuzi wao wa vijia wawape askari. Tatu, asitangazwe kuwa amekufa mtu ambaye kifo chake hakijathibitishwa. Vipimo huchukua siku nyingi na kungoja kunauma, lakini kumzika mtoto wa mwingine ni kumpoteza wako mara ya pili.

Wengine watasema kwamba mwanahistoria hushughulika na yaliyokwisha, na kuwatafuta watu ni kazi ya polisi. Sikubaliani nao. Kwa mama anayesikiliza kila mlango unaobishwa, mwaka 1998 haujaisha. Tukiandika 80 bila wale 100, au 42 bila waliotekwa, tumefunga faili ambalo familia bado hazijalifunga. Wazee wanaokumbuka majina hayo bado wako hai Kasese na Kabarole. Sisi wanafunzi wa historia tunaweza kuwaendea na daftari likizo hii.